Hata Jini Ana Masharti Yake

Msimu wa tano na wa mwisho wa Stranger Things umeisha, na sisi mashabiki wake wa pwani ya kusini tuna la kusema. Tumeupenda. Tumelia mahali pa kulia. Lakini sehemu ya mwisho kabisa, iliyosubiriwa kwa miaka, imeteleza mahali ambapo hadithi ya mambo ya ajabu haitakiwi kuteleza: kwenye masharti yake.

Kwa asiyeifuatilia, tamthilia hii ni ya ndugu mapacha wa Kimarekani, Matt na Ross Duffer. Ilianza Julai 2016 kwa kisa cha mtoto wa miaka 12, Will Byers, aliyepotea usiku wa Novemba 6, 1983 katika mji mdogo wa kubuni uitwao Hawkins, jimbo la Indiana. Wenzake watatu, wakiwemo Mike na Dustin, walitoka na baiskeli kumtafuta, wakamkuta msituni msichana aliyenyolewa kichwa, anayeweza kusogeza vitu kwa fikra tu. Jina lake Eleven. Chini ya mji ule upo mji wa pili unaofanana nao, wenye giza na baridi, unaoitwa Upside Down, na humo ndimo zimwi lilimompeleka Will. Kutoka hapo ikawa misimu mitano, sehemu 42, miaka tisa na zaidi. Msimu wa mwisho uligawanywa mara tatu: mwishoni mwa Novemba, siku ya Krismasi, na mkesha wa mwaka mpya. Kwa saa zetu sehemu ya mwisho, yenye urefu wa zaidi ya saa mbili, ilitoka saa 10 alfajiri ya Januari 1, 2026. Tuliokuwa na bando tulikesha. Wasiokuwa nalo walisubiri kurushiwa kwenye flashi.

Huenda msomaji akashangaa ukurasa huu kupewa mazimwi ya Indiana wakati bei ya ufuta na korosho ndiyo gumzo la mkoa. Tumeyapa kwa sababu jambo hili linatuhusu kuliko linavyoonekana. Pwani ya Kilwa na Lindi imeishi na hadithi za majini, mizimu na simba wa kutumwa kwa karne nyingi. Mtu aliyekulia huku hahitaji mhakiki wa New York amweleze kwa nini sehemu moja imemshika roho na nyingine imempita.

Mganga hatoi dawa tupu. Anatoa dawa na miiko yake: usile kitu fulani, usipite njia fulani, usiseme na mtu mpaka ufike kwako. Msikilizaji anakaa macho kwa sababu anajua dawa inaweza kuharibika wakati wowote, kwa kosa dogo la mtu mmoja. Zimwi nalo lina miiko yake, na humo ndimo mnyonge hupata upenyo. Hadithi ikiyatupa masharti, kinachobaki ni fataki.

Chukua hadithi ya kuanzishwa kwa Kilwa yenyewe. Habari za Kilwa, ambazo tunazo kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na ambazo Mreno João de Barros naye alizisimulia katika karne ya 16, zinasema kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Mgeni aliyetoka Shiraz alimlipa mwenye kisiwa vitambaa. Katika masimulizi ya Kiswahili mwenye kisiwa anaitwa Mrimba, na mgeni alimwoa binti yake. Mrimba akahamia bara. Halafu akarudi na watu wake ili akitwae tena kisiwa kwa vita, na siku zile maji yakipwa mtu alivuka kwa miguu. Upande wa pili wakasoma Kurani na kutoa sadaka. Mrimba akafika ufukweni, akangoja maji yapwe, na maji hayakupwa. Masimulizi ya Kiarabu hayana muujiza: mgeni alichimba ule mlango wa bahari mpaka maji yakakaa moja kwa moja.

Tazama ufundi uliomo. Hakuna moto uliotoka mbinguni, hakuna jeshi la majini. Ipo bahari tu, inayojaa na kupwa mara mbili kwa siku, ambayo kila mvuvi anajua saa zake. Safari hii moja imekataa. Ajabu moja, ndani ya utaratibu ambao kila msikilizaji anaufahamu. Ndiyo maana anayevuka leo kwa boti kutoka Kilwa Masoko bado anaweza kusimuliwa kisa hicho na kuyatazama maji kwa jicho jingine.

Misimu ya mwanzo ya Stranger Things ilijengwa vivyo hivyo. Zimwi likikaribia, taa huyumbayumba. Mama yake Will, Joyce, akatundika taa za Krismasi ukutani, akaandika herufi chini yake, mwanawe akamjibu kutoka ng'ambo kwa kuwasha taa moja moja. Eleven akitumia nguvu zake, damu inamtoka puani, akizidisha, anaanguka. Kila kitu kilikuwa na bei yake na bei ilijulikana. Msimu wa nne, mwaka 2022, ulipomleta Vecna, anayewaingia vijana kupitia majonzi yao, kinga yake ilikuwa wimbo. Max Mayfield aliponea chupuchupu kwa sababu rafiki zake walimwekea masikioni wimbo aupendao wa Kate Bush. Wimbo huo ulitoka 1985. Kwa ajili ya tamthilia ile ulipanda hadi namba moja Uingereza, miaka 37 baadaye. Kwetu sehemu ile haikuhitaji maelezo yoyote. Aliyewahi kusikia ngoma ya pepo ikipigwa anajua kwamba kila pepo ana wimbo wake na mdundo wake, na mgonjwa hainuki mpaka upigwe unaomhusu.

Msimu wa tano ulianza kwa kuyaheshimu hayo yote. Ni mwaka 1987, Hawkins imezingirwa na jeshi, na vijana wetu wanatumia kituo kidogo cha redio kupeana habari kwa mafumbo hewani. Sehemu ya nne ndiyo bora ya msimu, na sisi tunaiweka miongoni mwa tatu bora za tamthilia nzima. Will, mtoto aliyekuwa windo tangu siku ya kwanza, anagundua kwamba anaweza kuyashika mazimwi yaliyomtesa. Mazimwi matatu yanainuliwa hewani na kuvunjwa mifupa, na rafiki zake wanapona. Kilichotuinua kwenye viti ni kwamba nguvu ile haikuokotwa. Misimu minne tulimwona akishika shingo kila zimwi linapokaribia, akiugua, akiota, akiwa mtu wa kuonewa huruma. Alikuwa ameilipia.

La pili lililotukosha ni pango. Max, aliyekuwa amelala katika koma hospitalini tangu msimu uliopita, roho yake imefungwa ndani ya kumbukumbu za Henry, ambaye ndiye Vecna mwenyewe. Anaishi humo kwa sababu amegundua pango ambalo Henry haingii. Analiogopa. Zimwi kuu la hadithi nzima lina mahali linapopaogopa, na binti mdogo amekaa hapo hapo. Msomaji wetu wa Kipatimu hatashangaa. Mapango ya Nang'oma, katika milima ya Umatumbi, yaliwaficha watu wakati wa Vita vya Maji Maji, bunduki za Wajerumani zikiwa nje.

Kisha ikaja sehemu ya nane. Mashujaa wanapanda mnara, wanaingia ulimwengu wa tatu uitwao Abyss, makao yenyewe ya mazimwi. Mazimwi hayapo. Miaka tisa tumefundishwa kwamba moja tu linatosha kukimaliza kikosi cha askari wenye bunduki. Leo tumefika nyumbani kwao, na hakuna hata moja mlangoni. Lipo dude moja kubwa mfano wa buibui, linapigwa kwa moto na mikuki, na kila kijana aliyekwenda kulipiga anarudi na viungo vyake vyote. Steve, mmoja wa vijana hao, anaanguka kutoka kwenye mnara, anadakwa. Muda si mrefu tuko kwenye mahafali ya shule. Hofu tuliyoibeba tangu 2016 iliuzwa kwa bei ya kutupa.

Si kila kitu kilikuwa hivyo, na tusiwaonee. Shoka lililommaliza Vecna lilikuwa mkononi mwa Joyce, na hiyo ilikuwa haki yake. Ndiye aliyekaa sebuleni na shoka mwaka 1983 akilingojea zimwi litoke ukutani, mji mzima ukimwona amerukwa na akili. Hapo waandishi walikumbuka walikotoka.

Lakini wakasahau kwingine, na hapa tunalaumu biashara kuliko sanaa. Chanzo cha uovu wa Henry, yaani kilichompata utotoni, kimesimuliwa kwa kirefu katika tamthilia ya jukwaani, The First Shadow, inayochezwa London tangu 2023 na New York tangu 2025. Ndani ya msimu wa tano kinapitishwa haraka haraka, kana kwamba sote tulishakata tiketi. Mtazamaji wa Nangurukuru afanyeje? Ameifuata hadithi kwa uaminifu muda wote, halafu ufunguo wa chumba cha mwisho unauzwa katika kumbi ambazo hatafika. Mwenye hadithi akishaketisha watu, ana wajibu wa kuwamalizia hapo hapo.

Na fedha haikuwa shida. Vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba sehemu moja ya msimu huu iligharimu kati ya dola milioni 50 na 60. Sehemu kubwa ya utajiri huo imeonekana kwenye jangwa la Abyss, penye udhaifu wote tuliousema. Kilichotugusa zaidi ni Dustin na Steve kupatana, baada ya ugomvi uliotokana na msiba wa rafiki yao Eddie. Watu wawili, maneno machache, hakuna buibui.

Maradhi haya hayakuanzia Hawkins. Supernatural, iliyokwenda misimu 15 na sehemu 327 kuanzia 2005 hadi 2020, iliugua vibaya zaidi. Mwasisi wake, Eric Kripke, alikuwa amepanga misimu mitano. Hadithi ikavutwa mara tatu ya hapo, na ndugu wawili wawinda mapepo, Sam na Dean Winchester, wakawa wanakufa na kurudi, wanakufa na kurudi, mpaka kifo chenyewe kikakosa heshima. Novemba 2020 Dean alipokufa kwa kweli, kwa kuchomwa na nondo katika mapambano ya kawaida tu, mashabiki wengi waliikataa sehemu ile. Walikuwa wamefundishwa kwa miaka 15 kwamba jeneza halifungwi.

Sasa tuje kwenye ugomvi mkubwa, unaoendelea mpaka tunapoandika: Eleven amekufa au yuko hai?

Upside Down inalipuliwa. Eleven anabaki upande wa pili wa lango, anamvuta Mike katika fikra ili amuage, na anatoweka pamoja na ulimwengu ule. Mwaka na nusu baadaye, baada ya mahafali, vijana wanakaa mara ya mwisho kucheza mchezo wao wa mezani, Dungeons & Dragons katika chumba cha chini nyumbani kwa akina Mike. Mike anawasimulia hadithi nyingine. Huenda Kali, aliyekulia maabara moja na Eleven, mwenye uwezo wa kuwafanya watu waone kisichokuwepo, aliwafumba macho wote kabla hajakata roho. Huenda Eleven alipita, na sasa anaishi mbali, karibu na maporomoko matatu ya maji. Hana ushahidi. Wenzake, mmoja baada ya mwingine, wanasema wanaamini.

Kuna mashabiki waliokasirika, wakisema waandishi wameogopa kuamua. Sisi tunaunga mkono uamuzi huu, ingawa tumeupinga karibu kila uamuzi mwingine wa sehemu ile. Tunaunga mkono kwa sababu mtu wa huku alishaandika mwisho wa aina hii, na aliuandika vizuri zaidi.

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alichapisha mchezo wa kuigiza, Kinjeketile. Historia aliyoitumia kila mwanafunzi ameisoma, lakini wengi waliisoma kwa ajili ya mtihani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alizama katika kidimbwi mwaka 1904. Ndugu zake wakamtafuta, wakakata tamaa. Kesho yake akatoka na nguo kavu. Ilisemwa ameshikwa na pepo aitwaye Hongo. Akatoa maji ya kuwakinga watu na risasi za Wajerumani, na maji yale yalikuja na masharti: usipore mali, usimkaribie mwanamke wakati wa vita. Julai 1905 watu wa Nandete wakang'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Agosti, Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Vita viliendelea hadi 1907 na kufika mbali hadi Ungoni. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala.

Hussein angeweza kutupa miujiza ya jukwaani. Hakutupa. Alituonyesha mtu aliyesikia sauti na sasa anaitilia shaka sauti ile, akiona neno lililomtoka kinywani limekua kumpita yeye mwenyewe. Mwishoni, akiwa mfungwa, anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo. Anakataa. Akisema hivyo atawanyang'anya neno wanaopigana na watakaozaliwa. Je, maji yalikuwa ya kweli? Mchezo haujibu, na kwa kutojibu umeishi zaidi ya nusu karne.

Mike pale mezani anafanya jambo la ukoo huo. Anashika neno ambalo hawezi kulithibitisha kwa sababu kuliacha ni kumzika mtu mara ya pili. Tofauti ni bei tena. Kinjeketile analipa kwa shingo yake. Mike anaweka daftari lake rafuni na kupanda ngazi.

Wapo walioshindwa kuukubali mwisho wenyewe kwa ujumla. Wiki ya kwanza ya Januari dunia nzima ya mashabiki ilijaa nadharia kwamba yale mahafali yalikuwa kiini macho cha Vecna, na kwamba sehemu ya tisa ya siri ingetoka Januari 7. Walisoma ishara katika rangi za majoho, katika namna wahitimu walivyoshika mikono, katika vitasa vya milango. Sehemu ya tisa haikutoka. Hatuwacheki. Baada ya Maji Maji nako huku kulibaki masimulizi kwamba aliyepigwa risasi alikuwa amevunja mwiko, na laiti miiko ingeshikwa yote mambo yangekuwa mengine. Aliyepoteza kitu anachokipenda hurudi nyuma kulitafuta sharti lililovunjwa. Tofauti ni kwamba mashabiki wa Hawkins walikuwa na haki ya kutafuta, kwa sababu masharti yalivunjwa kweli, na walioyavunja ni waandishi.

Lipo jambo moja ambalo tamthilia hii imewazidi watunzi wetu kwa mbali, nalo ni zito. Msimu wa nne ulikuwa na Eddie Munson, kijana mwenye nywele ndefu, mpenda muziki wa kelele, kiongozi wa kikundi cha wacheza Dungeons & Dragons. Watoto wanapoanza kufa, mji hautafuti zimwi. Unamtafuta Eddie. Unamwita mtumishi wa shetani, unamwinda usiku na bunduki, na Eddie anakufa akiuokoa mji huo huo. Marekani ya miaka ya 1980 iliwahi kushikwa na hofu ya namna hiyo kweli, na waandishi hawakuificha aibu ile.

Sisi je? Tunaheshimu walioanza. Mussa Banzi, kwa Nsyuka na Shumileta, alithibitisha miaka 20 iliyopita kwamba mtazamaji wa Kitanzania atanunua hadithi ya jini kwa lugha yake na atairudia. Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya 2001, ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania Oscar, na moyo wake ni mzimu wa bibi wa kale. Lakini filamu nyingi zilizofuata zimetulia kwenye mchawi mmoja: bikizee wa jirani mwenye macho mekundu na ungo. Mkwe akikosa mtoto, bibi. Biashara ikifa, bibi. Dakika za mwisho anaanguka, watu wanashangilia.

Nchi hii haina nafasi ya mchezo huo. Vikongwe wamekatwa mapanga Kanda ya Ziwa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na macho yale yalifanywa mekundu na moshi wa kuni. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, mpaka Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wa ramli. Zanzibar mwaka 1995, hofu ya jini aitwaye popobawa ilipotanda na watu kulala nje, umati ulimuua mgonjwa wa akili ukidhani ndiye. Mtunzi anayemvisha bibi wa watu uchawi kwa ajili ya kuuza anatia kuni katika moto unaowaka.

Na mkoa wa Lindi una hadithi ya kweli inayoweza kumfundisha mtunzi yeyote. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya Watanzania 560, na wilaya za pwani ya kusini mashariki, Lindi ikiwemo, ndizo zilizoumia zaidi. Watu walichukuliwa shambani, njiani, hata ndani ya nyumba. Ikasemwa simba hawa si wa Mungu, wametumwa. Fulani kagombana na fulani. Utafiti uliotoka mwaka 2005 katika jarida la Nature ulikuta jambo jingine. Wanyama wa kawaida wa kuwindwa walikuwa wamepungua na nguruwe pori walikuwa wengi. Nguruwe huvamia mashamba msimu wa mavuno. Mkulima huhamia shambani, analala kwenye dungu au kibanda akilinda mazao. Simba anamfuata nguruwe na kumkuta mtu. Vifo viliongezeka miezi ya mavuno.

Hiyo ni sizoni iliyokamilika, haihitaji dola milioni 50. Kijiji kimoja, shamba la mahindi, giza. Sauti inayosikika ni ya nguruwe, na kila mtazamaji anajua kinachomfuata nguruwe. Mchana watu wanatafuta nani kamtuma simba, na kidole kinaanza kuelekea kwa mzee asiye na wa kumtetea. Binti mmoja, labda wa shule, ameanza kugundua kwamba vifo vinafuata mavuno, na hakuna mtu mzima anayemsikiliza. Je, simba ni wa kutumwa? Mwache mtazamaji abishane na mwenzake njia nzima. Ila masharti yawe wazi: simba hafi kwa sababu sehemu imefika mwisho, na aliyechukuliwa harudi.

Mazingira tunayo. Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ya karne ya 14, ina vyumba zaidi ya 100 na birika lake la pembe nane juu ya bahari. Ipo Songo Mnara, upo Msikiti Mkuu, yapo magofu ya Wajerumani Kilwa Kivinje. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara vipo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, viliwekwa kwenye orodha ya hatari 2004 na kuondolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati, kwa hiyo atakayekwenda kupiga picha asigongomee msumari hata mmoja. Umeme? Gesi ya Songo Songo imekuwa ikiwasha Dar es Salaam tangu 2004. Lugha? Watafsiri Lufufu na DJ Mark waliingiza sauti zao katika filamu za kila taifa na vibanda umiza vikajaa. Hakuna ajabu ambayo Kiswahili kimeshindwa kuibeba. Azam TV na Maisha Magic Bongo zimeonyesha kwamba tamthilia ndefu ya nyumbani ina watazamaji wa kila siku.

Tunachoomba ni hiki. Vituo vya televisheni na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa viweke fedha kwenye tamthilia moja ya ajabu ya pwani ya kusini, yenye misimu mitatu inayojulikana tangu mwanzo, na isiongezwe hata ikipendwa. Watunzi waandike masharti ya mizimu yao kwenye karatasi moja kabla ya sehemu ya kwanza. Anayetuhumiwa uchawi apewe jina, shamba na wajukuu, ili anapofukuzwa mtazamaji ajue anafukuzwa nani. Kimatumbi na Kimwera visikike. Na kabla ya kamera kushuka kwenye gari, waandishi wafike Nandete na Kipatimu, wakae na wazee ambao mababu zao walikunywa maji yale. Mwaka 1968 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya Maji Maji kutoka kwa waliokumbuka. Karatasi zile zimejaa Hongo, miiko, ndoto na majina ya watu. Waanzie hapo.